Barua ya wazi kwa wasambazaji wa filamu: Mufasa hatukuikataa, hatukuuziwa tiketi

Kwa: Waheshimiwa mnaosambaza filamu kwenye kumbi za Afrika Mashariki, pamoja na wenye kumbi mnaofanya nao kazi

Kutoka: Wapenzi wa filamu za familia, Chake Chake, Pemba

KUH: KUFUNGIWA FILAMU ZA WATOTO KWA HESABU YA SIKU TATU

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum warahmatullah.

Barua hii haikutakiwa ifike huku hadharani. Tulianza na meseji, tukapiga simu, tukamtuma mwenzetu anaefanya kazi Dar aingie ofisini kwenu aulize ana kwa ana, na jibu tulilolipata ni moja tu: filamu ya Mufasa, ile ya simba inayosimulia utoto wa baba yake Simba wa The Lion King, imefanya vibaya hata huko Marekani ilikotoka, kwa hivyo kuileta Zanzibar, tena Pemba, ni kutupa pesa baharini, na kwa ujumla filamu za familia mtazipunguza mpaka soko litulie. Baada ya hapo simu ikawa inaita mpaka inakata. Basi tunasema mbele za watu, kwa heshima zote, lakini tunasema.

Sisi ni wazazi, mashangazi, walimu wa skuli na wa madrasa na vijana kadhaa wanaopenda sinema kikweli, tupo Chake, Wete na Mkoani na wenzetu wengine wako Mjini Unguja. Hatuna chama chenye mhuri. Tuna grupu la WhatsApp ambalo kazi yake ni kuambizana filamu gani mtu anaweza kukaa akaangalia na mtoto, na mama mkwe akiwepo, bila kukimbilia rimoti. Filamu za hivo si nyingi jamani, ikipatikana moja tunaipokea kwa mikono miwili.

Biashara ni hesabu, hilo tunalijua na hatuji kwenu kuomba sadaka. Ila hesabu mliyotusomea mliishia njiani, na nnaanza na hapo.

1. Mmeihukumu filamu kwa siku tatu

Mufasa ilitoka Marekani tarehe 20 Disemba 2024. Wikiendi ya kwanza ikaingiza kule kwao dola milioni 35 na ushee, wakati wachambuzi walishatabiri itafika 50 au zaidi, na ile The Lion King ya 2019 ilifungua kwa zaidi ya milioni 190. Ukijumlisha dunia nzima ikapata kama milioni 122. Siku ile ile aliyotoka yeye akatoka na Sonic the Hedgehog 3, filamu ya kalunguyeye, akapata milioni 60, akakaa juu. Jumatatu yake kila unapogusa simu ni Mufasa kaanguka, Mufasa kafeli. Sisi mashabiki iliuma, walahi iliuma, watu wanarushiana picha za zile namba usiku kucha kama kuna msiba, mwanangu mkubwa akaniuliza simba anashindwa vipi na kalunguyeye na sikua na la kumwambia.

Nyie mkafunga daftari hapo hapo. Sisi tuliendelea kuhesabu. Wikiendi ya tatu, mwanzo wa Januari 2025, Mufasa akapanda namba moja Marekani na Sonic akawa nyuma yake. Kikawaida filamu kubwa ikishapita wiki ya kwanza inaporomoka, wiki ya pili nusu, ya tatu nusu ya nusu, hii haikuporomoka hivo, ikawa inakwenda mwendo wake tu kila wiki watu wanaingia. Ilipomaliza ilikua na zaidi ya dola milioni 250 Marekani peke yake, yani mara saba ya kile ilichofungulia, na duniani ikapita milioni 720. Sonic aliyeshinda zile siku tatu kamaliza na milioni 490 na kitu.

Sikatai kwamba imeshuka. Ile ya 2019 ilikusanya dola bilioni 1.6 na hii haikufika hata nusu yake, kushuka ni kushuka. Na najua ukumbi unabaki na karibu nusu ya tiketi, na kuitengeneza imegharimu kama milioni 200 bila matangazo. Lakini filamu iliyopita milioni 720 huwezi kuja kunambia mimi hapa Machomane kwamba dunia imeikataa.

Halafu kuna sababu ya kuanza vibaya ambayo haina uhusiano na watu kuchoka na filamu za familia, ni kinyume chake. Studio hiyo hiyo, Disney, ilikua imeshatoa Moana 2, katuni yake nyengine ya familia, tarehe 27 Novemba, haijatimia hata mwezi, na Moana 2 ilipita dola bilioni moja. Sonic nae anawataka watoto hao hao. Sasa mama mwenye watoto wanne, awe Chicago awe Chake, atawapeleka sinema mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa pesa ipi? Anachagua. Mufasa akasubiri zamu yake, na zamu ilipofika watu wakaenda. Waliotoka ukumbini Marekani walipoulizwa na CinemaScore, kampuni inayokusanya maoni ya watazamaji, wakaipa alama ya A-. Wakosoaji ndo waligawanyika, na wengine nnakubaliana nao, kwa mfano wale wachekeshaji Timon na Pumbaa wanakatiza hadithi pale pale ilipokolea na inachosha, na nyimbo za safari hii hazikai kichwani kama zile za katuni ya The Lion King ya 1994. Muongozaji wake Barry Jenkins alikua na hadithi nzuri mkononi na angeachiwa aisimulie bila kukatizwa ingekua nzuri zaidi. Lakini hayo ni mambo ya kuzungumza watu walioiona. Nyie mmetunyima hata hayo mazungumzo.

2. Familia haziendi siku ya kwanza

Kijana asie na mke wala mtoto anaweza kuiona trela Alkhamis na Ijumaa yupo ukumbini. Mtu mwenye familia hafanyi hivo. Anasubiri skuli zifungwe, anasubiri mshahara, anasubiri mtoto mdogo apone mafua, anasubiri kwanza jirani aende aje amwambie kama ina mambo ya aibu au haina. Kumpima mtu huyu kwa wikiendi ya kwanza ni kumuonea.

Na kwetu visiwani kuna kubwa zaidi. Krismasi ni msimu wa kule. Msimu wetu wa kutoka na watoto ni sikukuu. Eid el Fitri ya 2025 iliangukia mwisho wa mwezi wa Machi, wakati huo filamu ilikua imeshamaliza kazi yake kwenye kumbi kubwa za nje, kuipata kwa bei nafuu kusingekua tabu. Nyie mnaijua sikukuu ya Zanzibar? Mtoto tangu asubuhi anapita nyumba kwa nyumba anachukua mkono wa sikukuu, kwa babu, kwa khalati, kwa jirani, jioni ana noti zimekunjwa kwenye mkoba mpya na anatafuta pa kuzitumia. Wa Unguja wanakwenda Kariakoo na Mnazi Mmoja, wa huku Chake wanakwenda Tibirinzi, wanapanda bembea, wanakula malai na chipsi, siku nne mfululizo wanazunguka sehemu ile ile kwa sababu hakuna pengine. Pesa zipo mikononi mwa watoto wenyewe. Wanaokosekana ni nyie.

Wazee wetu wakianza kusimulia sikukuu za zamani Mjini hawamalizi bila kutaja sinema. Majestic pale Vuga, Empire, Sultana ya Malindi ambayo baadae ikaitwa Cine Afrique, watu wamejipamba wamejazana, familia nzima na bibi yumo. Kwa hivyo msituhesabu kama watu wanaotakiwa wafundishwe kwenda sinema.

Na mkisema Mpemba hatoi pesa yake kwa burudani nitakukumbusheni Januari hiyo hiyo ya 2025, mashindano ya mpira ya Mapinduzi Cup yalipochezwa hapa uwanja wa Gombani. Watu walitoka Konde, walitoka Micheweni, walitoka Kengeja, gari za kukodi zimejaa mpaka mlangoni, wakaja wakaiona timu yetu ya Zanzibar Heroes inamfunga Burkina Faso fainali. Mtu akiletewa kitu anachokitaka anatoka nyumbani kwake.

3. Mnasema tunaangalia za wizi

Hili linatuuma kwa sababu mwenzetu aliambiwa pale ofisini kwenu, kwamba Zanzibar filamu ikiingia kwenye flashi moja basi soko limekufa.

Waheshimiwa, nakwambieni kitu gani kilitokea kwenye nyumba moja hapa kwetu, nilikuwepo. Kijana wa duka la kutilia nyimbo alikua nayo, imerekodiwa kwa simu ndani ya ukumbi wa nchi nyengine huko, picha imepinda kushoto, sauti inapiga mwangwi kama watu wanazungumza ndani ya pipa. Tukaweka tivii barazani, watoto wakakaa kwenye mkeka. Ikafika pale mafuriko yanapomchukua Mufasa mdogo yanamtenganisha na wazazi wake, na mtu katika ule ukumbi akasimama, pengine anakwenda chooni, kichwa chake kikaziba kioo chote. Tukawa tunaangalia kisogo. Mtoto mmoja, miaka saba, analelewa na shangazi yake tangu mama yake afariki, akauliza yuko wapi, kazama? Nikarudisha nyuma, kisogo tena. Nikamwambia hakuzama, kaokotwa na mtoto mwengine, mama yake huyo kampokea. Akasogea mbele mpaka karibu anaigusa tivii. Kuanzia hapo hakutikisika, ikawa Eshe, yule mama aliyempokea, akimtetea Mufasa mbele ya mumewe Obasi, mtoto anageuka kumtizama shangazi yake. Kabla ya kumaliza ile kopi ikakatika, haikua na mwisho.

Pemba nyumba gani haina mtoto wa kulelewa? Filamu nzima inahusu mtoto asie na kwao anaepokelewa kwenye nyumba ya watu, na ndugu aliyempa mkono ndo huyo huyo baadae roho inamgeuka. Hii hadithi tunaijua, inatokea mitaani kwetu. Na ndo filamu mliyoamua haitauza huku.

Sasa nijibuni. Yule shangazi angekua na pahala pa kulipa angelipa au asingelipa? Kopi ya wizi inaingia pale ambapo halali haikufika. Sihalalishi, kazi za watu ni kazi za watu na katika grupu letu tunalisema hilo na kuna wanaokasirika, lakini nyie hamuwezi kufunga mlango wa mbele halafu mkashangaa watu wanapita uani.

4. Lugha

Filamu imejaa majina ya kwetu, Simba, Rafiki, Sarabi, na nchi wanayoitafuta inaitwa Milele. Halafu inatufikia kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Ile katuni ya 1994 ilitiwa sauti za Kizulu, na walifanya vizuri sana, kwa hivyo jambo hili linawezekana na limeshafanyika hapa hapa Afrika. Sisi tunaokizungumza Kiswahili tangu Lamu mpaka Kilwa mpaka bara kote huko, mamilioni ya watu, tunakaa na mtoto mapajani tunamtafsiria sikioni huku tunakosa maneno yanayofuata. Maandishi ya chini hayamsaidii mtoto wa miaka mitano, hajui kusoma.

Najua kutia sauti si kazi yenu ni kazi ya studio. Lakini studio inawasikiliza nani kama sio nyie mnaowauzia? Mkiwapelekea ripoti kwamba Afrika Mashariki haiuzi bila kuwaambia haiuzi kwa sababu gani, wao watajua nini. Na tuna waigizaji, tuna watangazaji wenye sauti ambazo ukizisikia redioni unaacha kijiko mezani. Vijana wa vibanda vya video miaka yote wanazitilia maneno filamu za nje, peke yao, na maikrofoni ya bei rahisi, na watu wanalipa kwenda kuwasikiliza. Hilo ndo soko lenyewe limekaa mbele yenu.

5. Hakuna ukumbi

Hili ndo jibu lenu la mwisho siku zote na kidogo lina haki yake. Pemba hatuna ukumbi wa sinema wa kisasa. Mtu wa Chake akitaka kuwaonyesha watoto filamu kwa halali apande boti Mkoani, avuke bahari, alale, alishe watoto, arudi, yani kabla hajanunua bisi keshatumia pesa ya mwezi.

Lakini ZIFF, wale wa tamasha la filamu la Zanzibar, wanaonyesha filamu Ngome Kongwe tangu 1998, juu yake ni mbingu tupu na watu wanakaa kwenye ngazi za mawe na kila mtu anafurahi. Na hawakuishia Mjini, walikua na utaratibu wao wa kupeleka filamu mashamba, Unguja na Pemba, wanaweka turubai jeupe, projekta, spika, jenereta, mambo yanakwenda. Hicho ndo tunachokiomba. Hatujakwambieni mjenge jumba lenye viti vya kuzunguka. Kumbi za skuli zipo, viwanja vipo, usiku wa Pemba una giza la kutosha kwa projekta yoyote.

Tunachoomba

Kwanza, muombe ruhusa ya kuionyesha Mufasa Pemba na Unguja kwenye sikukuu inayokuja, kwa malipo, kihalali, hata siku mbili tu. Kibali cha BASSFU, baraza la Zanzibar linalosimamia sanaa na filamu, tutakifuatilia wenyewe, tutatafuta kiwanja, tutakusanya majina na pesa mapema ili mjue watu wangapi kabla hamjaleta hata waya. Wanawake na watoto wadogo wapangiwe upande wao na onyesho liwe baada ya Magharibi lisiingiliane na sala, na tangazo liandikwe Kiswahili, mana mara nyengine kitu kinakuja mjini na mtu wa mtaa wa pili hana khabari.

Pili, filamu ya familia inayofuata, iwe ya simba iwe ya nini, msiikate kwa namba za wikiendi ya kwanza. Subirini angalau wiki nne. Mufasa imekuonyesheni kwa nini.

Tatu, mtakapoiandikia studio muwaambie kwa maandishi kwamba watazamaji wa Kiswahili wanaomba sauti za Kiswahili, na barua hii muiambatanishe.

Nne, mteue mtu mmoja wa kujibu watu wa visiwani, awe na namba inayopokelewa.

Hamna lazima ya kukubali yote. Mkisema hapana kwa hili la sikukuu tutaipokea hapana yenu, ila ije na hesabu ya tiketi mlizojaribu kuuza Zanzibar, ya Marekani tumeshaisoma.

Tunasubiri jibu, na tunaomba lije hadharani kama barua ilivyokuja.

Wenu,

Mama wa watoto watatu, Machomane, Chake Chake
kwa niaba ya wapenzi wa filamu za familia, Pemba na Unguja